Figo zikishindwa kwa kisukari: mashine ipo Dar, mgonjwa yuko Maneromango

Chukua kalenda ya ukutani uhesabu. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kabisa hutakiwa kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Kwa mwaka ni mara 156. Idi haiahirishi, Krismasi haiahirishi, wala msimu wa korosho. Ukiruka siku moja, maji yanaanza kukujaa. Ukiruka wiki, ndugu wanaitwa.

Sasa mweke mtu huyo Maneromango. Kituo cha afya kipo, na kwa malaria, uzazi au kidonda kinamfaa. Lakini mashine ya kusafisha damu si kitu cha kufunga kwenye kila kituo. Inataka umeme usiokatika katikati ya kazi. Inataka maji zaidi ya lita 100 kwa kikao kimoja cha mgonjwa mmoja, tena yaliyochujwa kwa mtambo maalumu, kwa sababu maji hayo yanapita jirani kabisa na damu. Inataka wauguzi waliosomea kazi hiyo. Kwa hiyo mgonjwa ndiye anayeifuata mashine, Muhimbili ya Upanga, Mloganzila au kwenye hospitali binafsi: gari la kwanza hadi Kisarawe mjini, jingine kupitia Pugu hadi Gongo la Mboto, kisha foleni ya kuingia mjini. Na jioni arudi, bandeji mkononi, miguu haina nguvu, kwa barabara ambayo wananchi wameililia lami kwa miaka mingi.

Wengi hawarudi. Wanahamia kwa ndugu, Gongo la Mboto au Chanika, wanalala sebuleni, na shamba linabaki na nani? Hilo ni swali ambalo hospitali haiulizi.

Tunaliandika hili sasa kwa sababu matibabu ya figo yameingia kwenye siasa za nchi. Agosti 2025, akizindua kampeni za uchaguzi katika viwanja vya Kawe, Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba Serikali itabeba asilimia 100 ya gharama za matibabu ya kibingwa kwa wasio na uwezo, na katika magonjwa aliyoyataja kisukari na figo yalikuwemo. Kabla ya hapo, Novemba 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ahadi ni nzuri. Lakini ili msikilizaji ajue aidai vipi, ni lazima kwanza aelewe ugonjwa wenyewe unavyokwenda, na mashine inaweza nini na haiwezi nini.

Sukari inafikaje kwenye figo?

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, kila kimoja ni fundo la mishipa myembamba ya damu. Sukari ikiwa juu kwa miaka, mishipa hiyo inakomaa na kuvuja. Kitu cha kwanza kuvuja ni protini, inaingia kwenye mkojo. Presha ya damu inapanda, na presha nayo inabomoa vichujio vilivyobaki. Hayo huchukua miaka 10, 15, hata 20, na katika muda wote huo hakuna maumivu. Mtu analima, anapasua kuni, anacheza bao. Anapoanza kuvimba uso asubuhi na miguu jioni, kukosa pumzi, kutapika na kuwashwa mwili mzima, mara nyingi sehemu kubwa ya figo imekwisha kwenda.

Kuna jambo moja hapa ambalo limewadanganya wengi. Figo ndizo zinazosaidia kuiondoa insulini mwilini. Zikianza kufa, insulini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na sukari inashuka. Mgonjwa aliyekuwa na sukari ya 15 anapima anakuta 6. Anashangilia, anasema dawa ya mzee fulani imemponya, anaacha kliniki. Sukari inayoshuka yenyewe kwa mtu mwenye kisukari cha miaka mingi haistahili shangwe, inastahili kupimwa figo wiki hiyo hiyo.

Zamani waliwahi kufa

Tukirudi nyuma kidogo tutaona kwa nini tatizo hili linaonekana jipya. Katika miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty, Dk. Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili walifanya kazi ambayo haikuwa imefanywa sana Afrika: walihesabu. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 1989, uliofanyika katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ulikuta kisukari kwa mtu mzima mmoja tu katika kila mia, pengine chini ya hapo. Kisha wakawafuatilia wagonjwa wapya wa kisukari zaidi ya 1,200 waliogunduliwa Muhimbili kuanzia mwaka 1981. Ndani ya miaka michache zaidi ya 200 walikuwa wamefariki. Wengi hawakufikia hatua ya figo kushindwa, kwa sababu waliondoka mapema, kwa sukari kupanda ghafla bila insulini au kwa maambukizi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulipopima watu wazima wa miaka 25 hadi 64, waliokutwa na kisukari walikuwa takriban 9 katika kila 100. Sehemu ya tofauti hiyo ni umri na mahali walipopimwa. Lakini sehemu kubwa ni maisha yaliyobadilika: mafuta, soda, kukaa, unene, na vilevile watu kuishi muda mrefu zaidi. Na hapo ndipo penye kitendawili. Mgonjwa wa sasa anapata vidonge na insulini kiasi cha kumfanya aishi miaka 15 na kisukari, lakini si kiasi cha kuilinda figo yake kwa miaka hiyo 15. Tulimwokoa na kifo cha kwanza tukamwacha njiani.

Anaishi muda gani kwenye mashine?

Hili ndilo swali ambalo familia huulizana nyuma ya pazia la wodi, na jibu lake halipendezi.

Kwanza, figo zenye afya hufanya kazi saa zote 168 za wiki. Mashine inafanya saa 12. Haiwezi kuzifikia. Marekani, nchi yenye mashine kila mji na inayolipia huduma hii kwa sheria tangu mwaka 1972, takriban nusu au zaidi ya wanaoanza kusafishwa damu hufariki kabla ya miaka 5 kutimia. Wenye kisukari huwa na hali mbaya zaidi ya wenzao, kwa sababu sukari iliyobomoa mishipa ya figo ilikuwa inabomoa na mishipa ya moyo, ya macho na ya miguu. Wengi wao huuawa na moyo, si figo.

Kwetu picha ni nyingine kabisa. Mwaka 2017 jarida la Lancet Global Health lilichapisha mapitio ya tafiti kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Kati ya watu wazima waliofuatiliwa tangu figo zao ziliposhindwa, karibu 9 katika kila 10 walifariki au walidhaniwa wamefariki. Mmoja tu katika 10 aliweza kuendelea na mashine kwa miezi 3 au zaidi. Soma tena: miezi 3. Wamarekani wanajadili miaka 5, sisi tunajadili kama mtu atamaliza msimu wa masika.

Na sababu kubwa haikuwa mashine kukosa nguvu. Ilikuwa pesa kuisha.

Hesabu ya pesa

Bei ya kikao kimoja hutofautiana hospitali na hospitali. Kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa kati ya shilingi 180,000 na zaidi ya 300,000, na Serikali imekuwa ikijaribu kuishusha kwa kununua vifaa moja kwa moja kupitia Bohari ya Dawa. Tuchukue 200,000 ili hesabu iwe rahisi. Mara 156, unapata shilingi 31,200,000 kwa mwaka. Hapo hujaweka nauli ya watu wawili, kwa maana mgonjwa hasafiri peke yake. Hujaweka sindano za kuongeza damu, ambazo figo zilizokufa haziwezi tena kuichochea itengenezwe. Hujaweka chakula cha siku nzima mjini.

Mwenye mihogo na mikorosho hana milioni 31. Kinachotokea kinajulikana na kila muuguzi wa kitengo hicho. Mwezi wa kwanza ndugu wanachangishana, mgonjwa anakuja mara 3 kwa wiki. Shamba la kwanza linauzwa. Mwezi wa tatu anakuja mara 2. Halafu mara 1. Halafu anakuja akiwa amezidiwa tu, amejaa maji hadi kwenye mapafu, anasafishwa, anarudi. Halafu kitanda chake anakaa mwingine.

Mwenye kadi ya NHIF alikuwa salama kidogo, maana mfuko huo umekuwa ukilipia huduma hii. Kidogo, kwa sababu Machi 2024, Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali nyingi binafsi ziligoma kuwahudumia wanachama wake kwa muda, na mtu anayetakiwa kusafishwa damu kesho hana muda wa kusubiri mazungumzo yaishe. Lakini wakulima wengi hawana NHIF. Waliokuwa na bima walikuwa na CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na kwa kiwango hicho cha mchango haikuwezekana kubeba matibabu ya milioni 31 kwa mtu mmoja.

Wenzetu Kenya walichukua njia ya katikati. Mfuko wao wa zamani wa NHIF ulilipia vikao 2 kwa wiki badala ya 3. Madaktari wanajua mbili ni pungufu. Lakini mbili za uhakika zinamfikisha mtu mbali kuliko tatu za mwezi mmoja.

Nani akae kwenye kiti?

Tukiwa wakweli, hata Serikali ikilipa yote, viti havitatosha. Hapo lazima mtu achaguliwe na mwingine aachwe. Hili si jipya. Mashine zilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa kudumu huko Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliundwa kamati ya raia wa kawaida ya kuamua nani aingie. Wenye kisukari kwa miaka mingi waliachwa nje, kwa hoja kwamba hawataishi muda mrefu.

Kesi inayotugusa zaidi ilitokea Durban, Afrika Kusini. Thiagraj Soobramoney alikuwa na miaka 41, hana kazi, ana kisukari, ana ugonjwa wa moyo, amewahi kupata kiharusi, na mwaka 1996 figo zake zikashindwa. Alijilipia hospitali binafsi hadi akiba ikaisha. Akaenda hospitali ya Serikali ya Addington, wakamkatalia. Walikuwa na mashine 20, nyingine zimechakaa, na kanuni yao ilisema mgonjwa wa kudumu anapokelewa ikiwa tu anafaa kupandikizwa figo. Mwenye moyo mbovu hafai. Soobramoney akaenda mahakamani akidai haki ya kuishi na haki ya matibabu ya dharura, haki zilizoandikwa kwenye Katiba mpya ya Mandela. Tarehe 27 Novemba 1997 Mahakama ya Katiba ilimkatalia. Majaji walisema wazi kwamba wanamhurumia, lakini ugonjwa wake ni wa kudumu na si dharura ya ghafla, na mahakama haiwezi kuiamulia hospitali jinsi ya kugawa fedha isizonazo. Siku chache baadaye akafariki.

Unaweza kuikasirikia hukumu hiyo. Mimi nimeisoma mara kadhaa na bado sijui ningeandika nini mahali pa majaji. Ila nawapa heshima kwa jambo moja. Kanuni ya Addington ilikuwa imeandikwa. Mtu aliijua, akaipinga hadharani. Kwetu kanuni haijaandikwa popote mwananchi anapoweza kuisoma, na anayechagua ni mfuko wa suruali. Ahadi ya asilimia 100 ikitekelezwa, mfuko wa suruali utaondoka na foleni itakuja. Foleni hiyo ipangwe kwa kanuni ipi? Aliyewahi? Kijana? Anayekaa karibu? Mwenye kisukari wa Maneromango akipimwa kwa vigezo vya Durban angeanguka katika kila kimoja.

Kupandikiza figo kunafanyika nchini: Muhimbili ilianza Novemba 2017 kwa msaada wa wataalamu wa India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018 kwa ushirikiano na Wajapani. Ni nafuu kuliko mashine ukihesabu miaka, na mtu anarudi shambani. Lakini lazima ndugu mwenye afya atoe figo, na katika familia za kisukari ndugu wengi nao wana kisukari au presha. Baada ya upasuaji dawa ni za maisha.

Kwa aliyeko kwenye mashine tayari

Tupite haraka kwenye jikoni, kwa sababu hapa watu wa pwani tuna hatari zetu. Figo zilizokufa hazitoi potasiamu, na potasiamu ikizidi moyo unasimama bila kuaga. Dafu limejaa potasiamu. Mgeni anayekuja kumwona mgonjwa na madafu mawili, akidhani ameleta kitu cha baridi na cha asili, ameleta hatari. Ndizi, machungwa, maparachichi na juisi za matunda vilevile. Mihogo na viazi vinapunguzwa makali kwa kukatwa vipande vidogo, kuchemshwa, maji yakamwagwa, vikachemshwa tena kwa maji mapya. Kisamvu na mboga nyingine za majani zichemshwe na maji yamwagwe. Maji ya kunywa yapimwe kwa kikombe ambacho daktari amekubali, na uji, chai na supu vihesabiwe humo.

Na sukari? Siku ya mashine inaweza kushuka ghafla, hasa kwa anayechoma insulini. Dozi ya zamani haifai tena, wala metformini haifai kwa figo zilizokufa. Mwulize daktari dozi mpya, usijipunguzie mwenyewe. Mpira wa shingoni usiloweshwe, usifunguliwe na yeyote nje ya hospitali. Homa na kutetemeka kwa mwenye mpira huo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Mkojo kwenye kikopo

Ukiangalia pesa yote iliyotajwa juu, linaudhi jambo moja: kipimo cha kugundua figo zinaanza kuvuja ni kikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo. Hakihitaji umeme. Zahanati inaweza kukifanya. Mwenye kisukari anatakiwa apimwe protini ya mkojo na kreatinini ya damu angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na presha kila anapofika kliniki. Protini ikionekana mapema, kuna vidonge vya presha vinavyoilinda figo, kama kaptopri na losartani, vya bei ambayo mkulima anaiweza, na vinaweza kuisogeza mbele siku ya mashine kwa miaka. Wajawazito hawavitumii. Diklofenaki za kununua dukani kwa ajili ya mgongo, ambazo mkulima anazimeza kama karanga wakati wa palizi, ziachwe na kila mwenye kisukari au presha.

Kwa hiyo tunapoipima ahadi ya Kawe, tusihesabu mashine peke yake. Zipo wilaya ambako mashine mpya ni habari ya kukata utepe, na katika zahanati zake vikaratasi vya mkojo vimeisha tangu mwezi uliopita. Mwakilishi wako akija kwenye mkutano, maswali ni haya: Vikaratasi hivyo vipo zahanati gani za kata yetu? Dawa za presha zinakaa wiki ngapi kabla hazijaisha? Kitita cha bima kwa wote kinalipia vikao vingapi vya kusafisha damu kwa wiki, na kwa muda gani? Nani anathibitisha kwamba mtu hana uwezo, mtendaji wa kijiji au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, na karatasi hiyo inachukua siku ngapi kwa mtu asiye na siku? Na nauli ya mara 156, imo kwenye ile asilimia 100?